Mrejesho: kikohozi cha mama na moshi wa kuni

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini mama yangu, anayeishi Jinja na ambaye hajawahi kuvuta sigara, hukohoa makohozi kwa zaidi ya miezi 3 kila mwaka, sasa miaka 2 mfululizo. Tulifuata kwanza ushauri wa kupima kifua kikuu. Hakikuonekana, na baada ya kipimo cha kupuliza hewa tukaambiwa ni mkamba sugu, yaani uvimbe wa muda mrefu wa mirija ya hewa mapafuni. Maelezo yenu kwamba moshi hukuza tezi za ute na kuharibu vinyweleo vya ndani ya mirija hiyo vinavyousukuma ute huo nje ndiyo yaliyomshawishi kuhamishia jiko la kuni uani, ingawa matoke ya sikukuu bado huyapikia ndani, na hapo mimi sina sauti. Makohozi yamepungua sana. Pumzi, hata hivyo, bado humkatika anapopanda mlima, hata akitumia dawa ya kuvuta, kwa kuwa, kama daktari alivyotueleza, kuta za mirija midogo zilizokwisha kunenepa na kuingia makovu hazirudi zilivyokuwa. Asali na tangawizi zilimtuliza koo tu.