Ninunue laptop sasa ama ningoje?

mtu_wa_kondele: Wadau niko Kisumu, laptop yangu ni i5 kizazi cha 6, ramu 4GB na hadidiski ya zamani, ukiiwasha unaenda kuteka maji unarudi bado inafikiria. Kazi yangu ni Word, Excel na Zoom za darasa. Nina 35,000. Ninunue saa hii ama ningoje bei zishuke?

fundi_nax: Kushuka utangoja sana bro. Ramu zilianza kupanda mwisho wa 2025 juu viwanda vinapeleka chipu kwa data senta za AI, na hiyo inagusa laptop pia. Halafu Windows 10 ilifungwa sapoti Oktoba 14, 2025, na prosesa yako Windows 11 haiitaki, Intel zinaanzia kizazi cha 8. Tafuta ex-UK (zilizotumika Uingereza), ThinkPad ya Lenovo ama Latitude ya Dell, ramu 8GB, SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya 256GB.

nyakach_mtulivu: Mbona haraka? Weka SSD na uongeze ramu, utaona ni kama mashine ingine, kisha utie Linux Mint, mfumo wa kuchukua nafasi ya Windows, ni ya bure. Shida ni Excel, LibreOffice (ya bure badala ya Word na Excel) inafungua faili lakini macro zingine, zile amri za kufanya kazi zenyewe ndani ya Excel, zinakataa.

fundi_nax: Ndio maana namwambia anunue 😂 Ukienda dukani fungua Command Prompt ya Windows uandike powercfg /batteryreport uone betri imebaki na nguvu gani, na ujaribu kuingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows), ikiitisha paswadi rudisha hapo hapo.

mtu_wa_kondele: Macro natumia kila siku, so Linux hapana. Jumamosi naingia Oginga Odinga Street kuangalia.