Tairi mpya mbili tu, nifunge mbele au nyuma?

kona_mbaya
Wakuu naombeni msaada. Gari yangu inavutia mbele. Juzi mvua kidogo tu, naingia kona naona mkia unanitoka, nikakanyaga breki kwa nguvu ndo nikaharibu kabisa, gari ikazunguka ikaangalia nilikotoka. Za nyuma zimekwisha, za mbele zina nafuu. Hela ninayo ya tairi mbili, fundi anasema mpya zikae mbele maana ndo zinavuta na kukata kona. Ni sawa? Na upepo nijaze ngapi, pembeni ya tairi naona 44 psi

mzee_wa_spana
Pole sana mkuu. Mpya weka nyuma, hizo zenye nafuu zibaki mbele. Hata mimi nilibisha miaka. Iko hivi, za mbele zikiteleza gari inagoma kukata kona inanyoosha, ila unaisikia kwenye usukani, unaachia mafuta taratibu zinashika tena. Za nyuma zikiachia huna cha kuzishikia, usukani haufiki huko, halafu ukipiga breki uzito wote unakimbilia mbele, nyuma panabaki pepesi, mkia unakupita. Ndo kilichokukuta wewe

tairi_nne
@mzee_wa_spana sasa breki kubwa si iko mbele? Unamwachia mwenzako kipara mbele?

mzee_wa_spana
Nani kasema kipara? Chungulia kwenye mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, meno yakilingana navyo imebaki kama 1.6 mm, hiyo itupe iwe mbele iwe nyuma. Mimi hata 3 mm kwenye maji siiamini. Zikichoka zote nne subiri upate hela ya nne

dada_gia
Hiyo 44 ni kikomo cha tairi, sio cha gari yako!! Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko, fuata hicho. Pima tairi ikiwa baridi, asubuhi kabla hujatoka, maana ukishatembea inapata joto geji inapanda inakudanganya. Na wale wa kupunguza upepo mvua ikinyesha eti tairi ishike, ni kinyume, tairi laini inabonyea katikati inashindwa kusukuma maji pembeni, gari inaelea. Siku nyingine mkia ukitoka achia mafuta taratibu, peleka usukani kule kule mkia unakoelekea, macho yaangalie unakotaka kwenda sio mtaroni, ukinyooka rudisha usukani mapema. Kama ina ABS (breki zinazozuia tairi zisijifunge) na lazima usimame kanyaga breki moja kwa moja usipampu, pedeli itatetemeka ni kawaida

kona_mbaya
Nimetoka kuangalia kibandiko, 33 mbele 32 nyuma, mimi natembea na 42 zote nne 😅 Halafu hizo za nyuma mwisho wa yale maandishi ya DOT pembeni ya tairi pana namba 1114, ndo nini?

dada_gia
Zimetengenezwa wiki ya 11 mwaka 2014

kona_mbaya
Duh. Na aliyeniuzia alisema za juzi juzi