Keshia kukemewa mbele ya wateja na kukatwa shoti: ni ukali wa kazi au ni uonevu?

Binti Kaunta
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Ninafanya kazi supamaketi moja hapa Dar, nipo kwenye tili, pale wateja wanapolipia. Naomba tujadili bila matusi. Jumamosi za mwisho wa mwezi foleni inafika mpaka kwenye mafriji ya maziwa. Tili zipo sita, zinazofanya kazi ni tatu tu. Supavaiza anasimama nyuma yetu na kupaza sauti: "Wewe, mikono imelala? Wateja wanakungoja wewe!" Mteja akisikia hivyo anaanza kunitazama kama mwizi. Bidhaa ikisoma mara mbili siwezi kuifuta mpaka supavaiza aje na kadi yake. Ukimwita anakuja kwa nafasi yake, halafu anauliza kwa nini foleni haisogei. Juzi usiku tulipohesabu ikaonekana shoti, yaani hela ya tili imepungua 14,000. Sikuandikiwa kitu wala kuulizwa, nimekuja kuikuta imekatwa kwenye mshahara. Naomba ushauri: supavaiza wa namna hii anavumiliwa au anashitakiwa? Na shoti ni mzigo wa keshia peke yake?

Mlinda Stoku
"Anakuja kwa nafasi yake." Hapo umenigusa, kwa sababu kazi hiyo ya usupavaiza nimeifanya. Uko peke yako na tili zote. Huku mteja anagomba kwamba bei ya kwenye rafu si bei ya mashine, kule mashine ya risiti, EFD, imemeza karatasi, mlinzi amemshika mtu na sabuni chini ya gauni, na meneja anapiga simu kutoka ofisini akikuangalia kwenye kamera. Kadi haiachwi kwa keshia na sababu inajulikana. Akiweza kufuta mwenyewe, mteja analipa taslimu, anaondoka, bidhaa inafutwa, hela inaishia mfukoni. Wapo pia wanaowapitishia rafiki zao: mafuta ya kupikia lita tano hayaskaniwi, kinachoskaniwa ni kiberiti. Stoku ikipungua, wa kwanza kuitwa ofisini ni supavaiza. Mnaona ukali tu, presha hamuioni.

Foleni ya Mwenge
Mimi ni mteja wa kawaida. Poleni kwa yote, ila na hili mlijibu: kwa nini nikidai chenji ya mia na hamsini napewa pipi? Mama yangu ana kisukari, pipi nyumbani hatuli, na bakuli limejaa. Mnalia kwamba mnaonewa na supavaiza, na sisi mnatuonea kila siku, mia mia.

Binti Kaunta
Kaka yangu, keshia hatengenezi sarafu! Naanza zamu na floti, ile hela ya kuanzia chenji, ya noti za elfu tano na elfu mbili, sarafu hazijai hata kiganja. Bei kwenye rafu ni 2,950, 4,950, 7,850. Si mimi niliyezipanga. Nikiomba sarafu naambiwa "toa pipi". Boksi la pipi limewekwa pale na ofisi. Unanitolea macho mimi, lakini aliyeamua hakai kwenye tili.

Mzee wa Temeke
Mimi pipi zao nilizikusanya, siku nyingine nikaenda nazo kulipia mkate. Keshia, binti wa watu, akakosa la kusema. Supavaiza akaja mbio: "Mzee, pipi si hela." Nikamwuliza, mbona mliponipa zilikuwa hela? Akaniambia nisogee pembeni nisizuie foleni. Nasema hivi na nitarudia: kama pipi ni chenji, ipokelewe. Kama haipokelewi, basi mnanilazimisha kununua kitu nisichokitaka. Na swali lingine kwa huyo Mlinda Stoku: tili ikipungua mnamkata keshia, je, ikizidi hela inakwenda wapi? Mbona hamuwapi wao?

Nai Mchana
Hapa Nairobi mambo ya pipi yamepungua. Wengi wanalipa na M-Pesa, namba imebandikwa pale kaunta, keshia anangoja tu ujumbe uingie. Nyinyi majirani mnagombana juu ya peremende mwaka huu? Hayo tuyaache. Kuhusu kukatwa, kwetu sheria iko wazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata pesa zilizopungua kwa uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, mradi mkataba wake useme wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Ukikubali kushika pesa za watu, kubali pia kuzihesabu. Huyo dada asilie.

Kijana wa Ubungo
"Asilie"? Wapi amelia? Ameuliza swali kwa adabu, akasalimia na wakubwa. Hapa si Kenya. Sheria yetu ya kazi inakataza kabisa mtu kugusa mshahara wa mwenzake. Hata senti.

Nai Mchana
Kijana, soma kwanza. Nimesema "kwetu". Na hata kwetu pesa zote zinazokatwa haziruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hivyo usinifanye wakili wa matajiri. Mimi mwenyewe nimefanya kazi kwa duka la jumla Eastleigh, najua droo ikifungwa usiku inakuwa vipi.

Katibu wa Tawi
Kijana wa Ubungo, nakupinga ingawa tuko upande mmoja. Haijakatazwa kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 28, inaruhusu kukata kufidia hasara, lakini masharti yake ni magumu na waajiri wengi hawayafuati. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake yeye. Mwajiri amwandikie sababu, kiasi, na jinsi alivyokipata kiasi hicho. Apewe nafasi ya kutosha kupinga. Kinachodaiwa kisizidi hasara yenyewe, na makato yasivuke robo ya mshahara wake wa fedha. Anayelipwa 300,000 hawezi kukatwa zaidi ya 75,000, hata tili iwe imepungua laki mbili. Huyu binti ameikuta tu imekatwa. Hakuna barua, hakuna aliyemwuliza. Hapo mwajiri hana pa kusimama.

Foleni ya Mwenge
Sawa, sheria tumesikia. Pipi je? Kuna kifungu?

Mchanga wa Pwani
Mnazungumza kana kwamba Tanzania yote ni Kariakoo. Hiyo Na. 6 ya 2004 huku Unguja haitumiki, sie tuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Anayesoma akiwa Darajani asije akaenda kwa bosi wake na karatasi ya bara akachekwa. Na jengine: watu wote hawa mmeandika, peremende na pipi, wala hapana aliyemuuliza dada huyu kama anakaa au anasimama. Nimesimama kwenye kaunta ya duka la watalii kutwa, jioni miguu imevimba, kiatu hakitoki. Maneno ya supavaiza yanauma zaidi pale mtu anapokuwa na maumivu.

Binti Kaunta
Dada, nasimama. Kiti kilikuwepo kimoja, kimepelekwa ofisini.

Mlinda Stoku
Kiti kina sababu zake. Keshia akikaa kasi inashuka, kubeba mchele wa kilo kumi na kuupitisha kwenye skana ukiwa umekaa haiwezekani, na mteja akimwona mtu amekaa ameegemea anaona dharau.

Mchanga wa Pwani
Dharau! Benki anakaa, ofisi ya maji anakaa, kwa daktari anakaa. Anayesimama ni yule wa mshahara mdogo tu. Basi na wewe supavaiza ungesimama na kadi yako pale pale kwenye tili, usingeitwa mara mia.

Nai Mchana
Kwa hilo nakuunga mkono. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mfanyakazi anayepata nafasi ya kukaa bila kuharibu kazi awekewe kiti. Sijaona kikiwekwa.

Katibu wa Tawi
Na mapumziko msiyasahau. Kwetu bara, ukifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano una haki ya kupumzika dakika 60. Binti, unazipata?

Binti Kaunta
Nakula stoo nimesimama karibu na maboksi ya tambi, simu inaita nirudi.

Mama Tili Mkongwe
Nimesoma yote. Mdogo wangu, kiti na pipi hutavipata kesho, na kesho una zamu. Nikwambie yaliyonisaidia mimi.

Usifungue tili kabla hujahesabu floti mbele ya supavaiza, yeye akiona. Kwenye daftari lako andika noti ngapi za 5,000, ngapi za 2,000, sarafu za 500, za 200, za 100. Mwombe aweke sahihi. Akikataa, andika saa na nani alikuwa karibu. Noti ya mteja usiitumbukize kwenye droo mpaka chenji imetoka mkononi mwako. Iache juu, useme kwa sauti, "Nimepokea elfu tano." Wale wa "nilikupa elfu kumi" wanakwama hapo, kwa sababu noti yao inawatazama. Ukienda msalani funga tili kwa namba yako ya siri, hata supavaiza akisema "nenda tu, nitakushikia". Shoti kubwa nilizoziona mimi zilizaliwa kwenye hiyo "nitakushikia". Noti kubwa zikijaa, omba zichukuliwe na uandikiwe karatasi, usimpe mtu mkononi bila karatasi hata akiwa meneja.

Sasa huyo supavaiza. Mbele ya wateja usimjibu. Ukimjibu pale, kesi inageuka kuwa ya nidhamu yako na maneno aliyoyatoa yeye yanasahaulika. Mfuate zamu ikiisha, awepo mwenzako wa kusikia, umwambie jambo moja tu: "Bosi, nikikosea niite pembeni. Ukinisema mbele ya mteja, mteja naye anaanza kubishana na mimi, foleni inakwama." Mwambie habari za foleni, maana ndizo anazoulizwa na meneja. Wangu alipunguza. Hakuacha, alipunguza.

Kijana wa Ubungo
Mama, heshima yako. Lakini nyie ndio mliowalea hawa. Miaka yote mmeinama, mkaandika madaftari, mkalipa shoti kimyakimya, na sasa mnatufundisha na sisi kuinama. Mtu akinitukana mbele za watu namjibu mbele za watu.

Mama Tili Mkongwe
Usiniambie nimewalea. Nimesomesha watoto kwa ile tili, na daftari unalolidharau ndilo lililonirudishia hela yangu walipotaka kunikata kwa makosa ya mtu mwingine. Niliwafungulia ukurasa, wakasoma wenyewe. Wewe ulipomjibu wa kwako mbele za watu, uliendelea na kazi?

Kijana wa Ubungo
Niliondoka kwa heshima yangu.

Mama Tili Mkongwe
Huyu binti hajaomba namna ya kuondoka.

Katibu wa Tawi
Jambo moja ambalo Kijana halitaji, na ndilo linaloumiza wengi. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo halindwi na vifungu vya kuachishwa kazi isivyo haki. Ukimjibu bosi mwezi wa tatu, ukafukuzwa, mlango huo umefungwa. Binti, una muda gani hapo?

Binti Kaunta
Nimevuka mwaka. Na asante sana mama, floti sikuwahi kuhesabu mbele yake. Anaileta kwenye mfuko imefungwa, anasema "imeshahesabiwa".

Mlinda Stoku
Hapo sitamtetea. Floti inahesabiwa na wawili, kila mahali nilipofanya kazi. Na kwa Mzee wa Temeke, hela ikizidi inabaki kwa kampuni, kwa sababu kwa kawaida ni chenji ya mteja aliyeondoka bila kuichukua.

Foleni ya Mwenge
Kumbe! Basi hiyo ni yangu. Mia zangu zinahesabiwa usiku ofisini, mimi nimepewa pipi.

Mzee wa Temeke
Jibu hilo sikubaliani nalo. Ikizidi ni ya kampuni maana mteja hayupo, ikipungua ni ya keshia maana keshia yupo. Kinachotazamwa ni nani wa karibu wa kukatwa. Kosa ni la nani hamuulizi.

Mlinda Stoku
Mzee, unataka keshia apewe hela ya ziada? Wataanza kuwapunja wateja makusudi ili tili izidi.

Mzee wa Temeke
Sijasema apewe. Nimesema iwekwe kando, ifidie siku ya shoti. Hesabu ya mwezi mzima, si ya usiku mmoja.

Nai Mchana
Hiyo nimeipenda, na mimi ndiye niliyesema asilie.

Binti Kaunta
Katibu, nikiomba barua ya hiyo 14,000 wakakataa, naanzia wapi? Na siku zinahesabiwa kuanzia lini?

Katibu wa Tawi
Omba kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopokelewa. Kama chama cha wafanyakazi, TUICO, wana tawi hapo kazini, mwone mwakilishi wao kabla ya meneja. Wakigoma, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu namba moja. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukiachishwa kazi ni siku 30 tu, na huko ndiko watu wengi wanakochelewa wakingoja huruma ya meneja. Hesabu tangu siku ulipoona makato. Nakala ya hati ya mshahara unayo?

Binti Kaunta
Ninayo. Kesho ni zamu ya asubuhi, nitaanza na floti.