Kompyuta za mwanzo zilikadiriaje mahali litakapoangukia vumbi la nyuklia?

Mkaazi wa Himbi, Goma: Ndugu zangu, hapa Goma tumezoea kuona majivu ya volkano ya Nyamulagira yakifuata upepo, ambao siku nyingine hutuepusha nayo kabisa. Naomba kufahamishwa jinsi Wamarekani wa miaka ya 1950 walivyopiga hesabu ya mahali litakapoangukia vumbi la bomu la nyuklia, na kompyuta za wakati ule zilisaidia nini ambacho penseli na rula visingeweza.

Mwalimu wa fizikia, Katindo: Mlipuko wa karibu na ardhi hufyonza udongo na kuupandisha juu, mabaki yenye mionzi hushikamana na punje zake, na kila punje hushuka kwa kasi inayotegemea ukubwa wake. Tuseme punje iko kilomita 15 juu, ikishuka nusu mita kwa sekunde: itakaa hewani zaidi ya saa nane, na upepo wa mita 10 kwa sekunde utaisukuma karibu kilomita 300. Taabu ni kwamba upepo hubadilika toka tabaka hadi tabaka, hivyo mpiga hesabu alichora safari hiyo kipande kwa kipande kwa kufuata vipimo vya maputo, kisha akaanza upya kwa punje ya ukubwa mwingine. Kompyuta iliondoa uchovu huo tu.

Msomaji, Ndosho: Mwalimu, hilo neno "tu" silikubali, kwa sababu kurudia hesabu kwa pepo nyingi na mabomu mengi ndiko kulikokuwa haja ya wapangaji wa ulinzi. Ila kasi ilikuwa na gharama yake: WSEG-10, modeli (kanuni ya hesabu) ya kukadiria vumbi ya mwaka 1959, ilitumia upepo mmoja wa wastani, ikatoa umbo refu na laini, ilhali vumbi halisi huanguka kwa mabaka. DELFIC, modeli nyingine iliyokuja baadaye katika miaka ya 1960, ndiyo iliyofuata makundi ya punje tabaka kwa tabaka.

Mkaazi wa Himbi: Je, kompyuta ingewaokoa watu wa Rongelap, kisiwa cha Visiwa vya Marshall kilichoangukiwa na vumbi la jaribio la bomu la Marekani mwaka 1954?

Mwalimu wa fizikia, Katindo: Nina shaka. Bomu la Bravo, lililolipuliwa katika kisiwa jirani cha Bikini tarehe 1 Machi, lilitarajiwa kutoa nguvu ya megatoni 6 (megatoni moja ni sawa na tani milioni moja za baruti ya TNT) likatoa 15, kwa kuwa mchango wa lithiamu-7, aina ya lithiamu iliyokuwamo katika fueli ya bomu, haukuhesabiwa. Ukiipa mashine namba isiyo sahihi, itakurudishia ramani isiyo sahihi, tena kwa haraka. Zaidi ya hayo, wakuu wa jaribio walikwisha kuelezwa usiku ule kwamba upepo unaharibika, nao wakaendelea. Kwa makadirio, kila muda tangu mlipuko unapozidi mara saba, ukali wa mionzi hushuka hadi sehemu moja ya kumi. Rongelap ilifikiwa na vumbi saa chache tu baada ya mlipuko, mionzi ikiwa bado mikali mno, na wakazi wake waliondolewa baada ya saa zipatazo 50.