Mulipotoa mawese kwenye chungu, muliweka nini? Tupeane uzoefu (mafuta, bugali, sukari na moyo)

MwanaKadutu
Jambo ndugu zangu wa Bukavu na wa kwingine. Nafungua hii juu ya muzee wangu. Mwaka 2019 alianguka kwenye ngazi za kwetu Kadutu, mukono wa kuume ukalegea, mudomo ukaenda upande, hospitali wakasema ni AVC (kiharusi). Kurudi nyumbani kila mutu akawa muganga, shangazi anasema ni nyama, muchungaji anasema ni mawazo, jirani anasema ni mawese, na mwisho wote wakaungana na jirani. Bido (dumu) ya mawese ikatoka jikoni siku ile ile na mama akamupatia jirani yule yule, naye akaipokea bila haya.

Sasa sombe (majani ya muhogo) bila mawese munaijua, ni majani ya mbuzi. Mboga ikawa haishuki, muzee akawa anaongeza bugali ili ashibe, mama naye akawa anatupa kibu (zile za Maggi) mbili tatu ndani ya chungu ili kupatikane ladha, na makayabo (samaki wa chumvi) karibu kila siku juu alisikia samaki ni bora kuliko nyama. Tukafanya vile miezi nane na tukajiona watu wa afya kabisa. Siku ya kupima: tansio 18 kwa 11 (ni kusema 180 kwa 110), na sukari nayo imepanda.

Muganga alikuwa kijana mudogo. Akauliza, dawa ya tansio anakunywa? Muzee akasema aliiacha zamani, juu alijisikia vizuri na juu hatukulaka mafuta tena. Kijana akamutazama mama: "Mama, mulipotoa mawese, muliweka nini mahali pake?" Tukanyamaza wote.

Njo swali langu kwenu. Ulitoa nini kwenye sahani, ukaweka nini, na labo ilisema nini. Wenye kuuza poda za kusafisha mishipa muniwie radhi, hapa si soko.

Mama_Sambaza
Mwanangu, pole ya muzee. Mimi nakaanga sambaza (samaki wadogo wa ziwa Kivu) na mikate miaka mingi sasa. Kwa kukaanga tunachomaka mawese paka yanakuwa meupe, moshi unajaa parsele yote, watoto wanakohoa, na wateja wanapenda vile juu mikate inakuwa na rangi nzuri. Mafuta yale yale siku tatu, siku ine, paka yanakuwa meusi na mazito kama mafuta ya gari. Sikuona shida, mafuta ni mafuta.

Kiisha mimi mwenyewe nikaanza kuumwa kichwa, kupima, tansio. Nikaambiwa punguza mawese, nami nikapunguza kwenye mboga, lakini nikawa napaka siagi ya kopo kwenye mukate asubuhi na jioni, juu kopo ilichorwa moyo! Moyo mwekundu kabisa. Nani atakataa moyo?

Siku hizi nakaanga kidogo, mafuta ya jana nayamwaga (roho inauma, bei ya bido munaijua), na sambaza za kwangu nyumbani nachemusha na nyanya na kitunguu. Wateja wanataka za kukaanga tu. Sasa nifanye nini, watoto wanasoma.

Wa_Katuba
Huku Lubumbashi tuko na shida ingine. Kwetu mutu hajakula kama hajakula bukari, unaweza kumupa wali, viazi, mukate, atasema asante na baadaye atauliza bukari iko wapi. Unga kutoka Zambia ikichelewa muji wote unakuwa na hasira.

Mimi niliona kwenye simu watu wanasema mafuta hayana kosa, mwenye kosa ni wanga, wakati nilikuwa kilo 104 na muloko (mudogo) wangu alikuwa ananiita kontena. Nikaacha bukari, mukate, sukari na bia ya Simba, kabisa, miezi tatu. Nilikuwa nakula michopo ya mbuzi, mayai sita, avoka, mayoneze, ngozi ya kuku. Kilo 9 zikaenda. Triglisaridi (mafuta ya ndani ya damu) zilikuwa 2,40 zikashuka 1,20, nikatangaza mtaa muzima kama bukari ni sumu, mama mukwe alikuwa karibu anifukuze.

Lakini karatasi ilikuwa na mustari mwingine sikuusoma. LDL, ile wanaita kolesteroli mbaya, ilitoka 1,15 ikaenda 1,90. Dokta akaniambia yaya, mulango moja umefunga, mwingine umefungua. Nikabishana naye saa nzima na video zangu, na leo naona haya. Nikarudisha bukari nusu ya ngumi, nikaweka maharagwe na lengalenga nyingi, michopo nikaacha siku ya posho (Jumamosi) tu. Kilo mbili zilirudi. LDL imeshuka, haijafika pale dokta anataka.

Msomaji_wa_Nguba
Wa Katuba, ule ubishi wako na dokta, wazungu wameubishana miaka sabini, usijilaumu.

Ilianza Marekani, miaka ya 1950, wanaume wenye kazi nzuri walikuwa wanaanguka na moyo, hata rais wao Eisenhower moyo ulimushika mwaka 1955. Alikuwako mutaalamu wa Minnesota, Ancel Keys, yeye akasema ni mafuta ya kuganda, ya nyama na maziwa, yanapandisha kolesteroli. Kuanzia 1958 akafuata wanaume karibu 13,000 katika nchi saba. Kule Finland ya mashariki walikula siagi na maziwa mengi na moyo uliwaua sana, kule kisiwa cha Krete walikula mafuta mengi pia, lakini ya zeituni, na moyo haukuwagusa hivyo. Angalia vizuri hapo: Krete hawakula chakula kikavu! Watu wengi wanaelezea Keys kama adui wa mafuta yote, na mezani kwake mwenyewe mafuta yalikuwako.

Upande mwingine, London, alikuwako John Yudkin, akasema munakosea mutu, muuaji ni sukari, akaandika kitabu mwaka 1972. Walimucheka. Sasa sikia hii: mwaka 2016 watafiti wa California walifungua barua za zamani wakakuta chama cha wenye viwanda vya sukari kiliwalipa wataalamu wa Harvard dola 6,500 waandike makala, ikatoka 1967, inalemea mafuta na kupunguzia sukari kosa, na kwenye makala hawakusema nani aliwalipa. Dola 6,500! Hapa kwetu tunajua bei ya mutu, lakini sikudhani kama hata Harvard kuna bei.

Ile haimaanishi mafuta yalishinda kesi. Mwaka 2017 ikatoka utafiti munene, PURE, nchi 18, watu zaidi ya 135,000, ikaonekana wale wanakula wanga nyingi sana, robo tatu ya nguvu yote ya chakula, njo walikufa zaidi. Video zako Wa Katuba zote zinatokea pale. Lakini jiulize, nani anakula wanga robo tatu? Ni mwenye hana pesa ya kingine. Yule yule hana pesa ya hospitali, hana maji safi, anapika na makaa ndani ya chumba. Bugali ilimuua ao umasikini? Watafiti wanajaribu kutenganisha hivyo viwili kwa hesabu, na wengine wanawaambia hamukuweza. Zimbabwe na Afrika Kusini zilikuwamo, Kongo hapana.

Na swali la yule muganga kijana njo swali la maana kuliko ubishi wote. Ukitoa mafuta ya kuganda ukaweka ya alizeti, ya soya, karanga, hatari ya moyo inashuka. Ukiyatoa ukaweka unga mweupe na sukari, haukufaidika kitu. Wamarekani njo walifanya vile, wakanunua biskuti zisizo na mafuta, zimejaa sukari. Muzee wa Kadutu alifanya kama Wamarekani bila kujua.

Mama Sambaza, kopo yako: zamani majarini nyingi zilikuwa za mafuta ya maji yaliyogandishwa kiwandani, na mwaka 1990 Waholanzi wawili, Mensink na Katan, walionyesha yale mafuta yanapandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri kwa pamoja. Ni mabaya kuliko siagi ya ng'ombe. Nchi nyingi zimeyakataza leo. Soma nyuma ya kopo, kama wameandika "hidrojeni" mahali, rudisha.

Motari_Panzi
Yangu ni fupi, niko kwenye muchana wa kazi. Siku nzima nabeba watu na moto (pikipiki), natoka Essence paka Panzi hapa Bukavu, narudi, nimekaa. Sikulaka mafuta mengi mimi, sahani moja tu usiku. Lakini asubuhi mikate mine na chai ya sukari, saa sita sukre (soda), saa tisa sukre, joto likizidi ya tatu. Muuguzi mumoja nilimubeba akaniambia chupa moja ya sentilita 33 iko na sukari karibu gramu 35, nikasimamisha moto nikahesabu, vijiko saba nane! Mutu anaweka vijiko nane kwenye chai munamuita kichaa.

Miaka 34, sukari ya damu ilikuwa kwenye mupaka. Nimeweka maji. Tumbo limeshuka na pesa ya chupa tatu inabaki mufukoni. Sikubadilisha kingine, usiku nakula bugali na sombe yenye mawese kama kawaida.

Mushi_Kamili
Nyie munasoma sana. Babu yangu Walungu alikufa na miaka 91, mawese, bugali, nyama ya ng'ombe, na kasiksi (pombe ya ndizi) juu. Labo hakuijua.

Motari_Panzi
Babu yako alikuwa anapanda na moto kwenda shambani?

Muuguzi_mustaafu_Goma
Wanangu, nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, sasa niko nyumbani Himbi, niruhusuni nikemee kidogo.

Munabishana mafuta, munabishana bugali, na mutu wa kwanza ametuambia kama muzee aliacha dawa, hakuna hata mumoja amerudi hapo! Wagonjwa wa AVC nimewapokea wengi, na karibu kila mara familia inaapa "hakuwaka mugonjwa." Alikuwaka. Tansio haiumi. Inakaa kimya miaka kumi, kiisha inapasua mushipa kichwani. Dawa ukijisikia vizuri njo inafanya kazi, haujapona.

Pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mutu mukubwa asipitishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, yote ndani. Makayabo imetengenezwa na chumvi, kibu ni chumvi yenye harufu, na mama wa Kadutu aliweka vyote viwili mahali pa mawese. Mwanangu, mama yako simulaumu, alitaka chakula kiwe na ladha. Makayabo ukiipenda, loweka usiku muzima na umwage maji mara mbili.

Mawese yenyewe: karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, basi si maji ya kunywa. Lakini ile rangi nyekundu ni karotini, mwili unatengeneza vitamini A, ni macho ya watoto wenu ile. Mukiyachoma paka meupe karotini imekufa, munabaki na ile nusu mbaya peke yake. Mimi naweka kijiko kimoja kikubwa kwa sombe ya watu watatu, mwisho wa kupika, na namwaga karanga za kutwanga ndani. Sombe inanuka vizuri paka jirani anapiga hodi.

Mushi Kamili, babu wa 91 unamukumbuka. Wale walikufa na 50 walisema ni kulogwa.

Wa_Katuba
Mama Muuguzi aksanti. Nimetoka kupima tansio kwenye famasi ya hapa, sikuwaka nimepima tangu rejime yangu. 15 kwa 9. Kumbe wakati wote nahesabu LDL.

Muuguzi_mustaafu_Goma
Usiogope juu ya mara moja. Pima tena siku tofauti, ukiwa umekaa dakika tano, mukono kwenye meza, bila kuzungumza, bila kahawa. Ikibaki hivyo, uende kwa muganga, usiende kwa simu.

MwanaKadutu
Nimesomea muzee yote kwa sauti, alicheka pale pa babu wa Walungu. Dawa anakunywa sasa, mutoto wangu wa miaka tisa njo polisi wake, anasimama mbele yake na kikombe ya maji paka ameze. Kipimo cha mwisho 14 kwa 8. Mukono haujarudi wote, lakini anafunga vifungo vya shati mwenyewe.

Kibu tumebakiza moja kwa chungu, mama amekasirika. Kijiko cha mawese cha Mama Muuguzi amekikubali haraka sana, amekwisha kuuliza kijiko ni cha ukubwa gani.

Shida iko hapa: mama mukwe amefika leo na boti kutoka Goma, alipitia kwa ndugu zake wa Beni, na amebeba zawadi ya mukwe. Bido ya lita ishirini, nyekundu kabisa. Jirani amekwisha kuiona, amekuja kusalimia mara mbili.