Mtoto anaonewa, shule inawashikisha mikono halafu inasema kesi imeisha!!

Wakuu nimetoka shuleni kwa binti yangu sasa hivi, mikono bado inatetemeka kwa hasira, mnivumilie nikiandika bila mpangilio. Hii ni mara ya 3 naenda, na mara zote nimejipeleka mwenyewe maana wao hawaniiti. Kuna kikundi cha wasichana watano hivi wamemfanya mwanangu mtu wa kuchekwa, akikaa wanahama, akijibu swali darasani wanaigiza sauti yake, usiku wanahamia kwenye grupu la WhatsApp wanarusha picha zake wamezichorachora. Tangu muhula umeanza! Mtoto alikuwa anapenda shule, sasa kila Jumapili jioni tumbo linamuuma, na linamuuma kweli, hadanganyi.

Shule imefanya nini? Wamemwita ofisini yeye na yule kinara wao, wakaambiwa muombane msamaha, mshikane mikono, haya rudini darasani. Muombane!! Mwanangu aombe msamaha wa kosa gani? Huu siyo ugomvi wa watoto wawili waliogombania kalamu. Olweus wa Norway, aliyeanza kuuchunguza uonevu wa wanafunzi tangu miaka ya 1970, alishaeleza kwamba ni kitu kinachorudiwarudiwa na anayefanyiwa hana nguvu sawa na anayemfanyia, sasa ukiwapatanisha kama vile wako sawa umemsaidia nani? Haikupita hata siku 1, wakaanza kumwita msemeaji.

Nikauliza mna mpango gani mwingine, naambiwa wapo "mabalozi wa amani". Nani kawachagua? Walimu. Ni wale watoto wapole, madaftari masafi, hawajawahi kuchelewa. Siwalaumu hao watoto hata kidogo, ila darasani hakuna anayewaangalia, na kina yule kinara ndo kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili jambo lishafanyiwa kazi na majibu yapo. Marekani, jimbo la New Jersey, mwaka wa masomo wa 2012-2013, watafiti waliingia shule 56 zenye wanafunzi zaidi ya 24,000, wakawauliza wanafunzi wenyewe huwa mnashinda na kina nani, hapo wakawajua wale ambao wenzao wanawatazama kama mfano. Nusu ya hizo shule wakaanzisha vikundi vidogo vya wanafunzi, watoto wakatunga kaulimbiu zao na mabango yao, wakimwona mtu kamtetea mwenzake wanampa bangili ya rangi ya chungwa. Kesi za ugomvi zilizofika kwa uongozi zikashuka kama asilimia 30 ukilinganisha na shule ambazo hazikuguswa, na kikundi kikiwa na wengi wa wale wanaotazamwa ndo zilishuka zaidi. Hakuna mwalimu aliyepanga nani ana tabia nzuri, waliulizwa watoto!

Na msiniambie "ni utoto tu, atakomaa". Darasa zima lipo pale linaangalia, wengine wanacheka kwa sababu wanaogopa zamu isije ikawa yao. Watafiti wa Canada walirekodi watoto kwa video wakiwa uwanjani, matokeo yakatoka 2001, mtoto mwenzao akiingilia zaidi ya nusu ya matukio yaliisha ndani ya sekunde 10. Sekunde 10! Mwanangu ana miezi anasubiri mtu mmoja aseme "mwacheni".

Jumatatu narudi na sitaki tena kusikia habari ya kushikana mikono. Nataka wagawe karatasi kila mwanafunzi aandike huwa anashinda na nani shuleni, nataka hizo picha za kwenye grupu ziitiwe wazazi wa wote watano, na nataka nijue ni mwalimu gani anayesimama koridoni wakati wa mapumziko maana mpaka leo hakuna aliyenijibu. Kama kuna mzazi alishaibana shule mpaka ikabadilika aniambie alianzia wapi, kwa mwalimu wa darasa au alienda moja kwa moja kwenye bodi?