Hawa watu wa hosti ati nithibitishe na imeili WALIYOIZIMA WENYEWE

HemaNaViti (mwenye uzi):
Wadau nisikizeni kabla sijatupa hii simu ziwani na mimi niifuate. Hosti yangu, ile kampuni inayoniwekea websaiti hewani, siwataji, sina pesa ya wakili, lakini mnawajua: wale wa ofa isiyoisha, wale wenye roboti wa chati ana jina la msichana na anakuita "mpendwa" mpaka bibi yako anauliza huyo ni nani.

Mimi nakodisha hema na viti hapa Kisumu. Kazi yangu kubwa ni matanga, na matanga huku wote mnajua ni Jumamosi, kwa hivyo oda zinaingia Jumatano na Alhamisi, nyingi ni za watoto wa boma walio majuu, hao hawawezi kuja Kibuye kushika hema na mkono, wanafungua websaiti wanaona picha wanaandika idadi ya viti wanatuma pesa, kwisha. Sasa juzi Jumatano saa moja jioni websaiti ikazimwa. Si ati ilikuwa inavuta pole pole. Imezimwa, pamebaki ukurasa mweupe "akaunti hii imesimamishwa". Mama mmoja yuko Marekani, anazika babake Maseno, akanipigia saa tisa usiku na sauti ya chini kabisa: "Kijana wangu, ni ukweli mmeshikwa?" Mmeshikwa! Mimi na hema zangu nane.

Sababu, ati sijalipa. Nililipa wiki mbili zimepita, 6,500 kwa M-Pesa, meseji ninayo naweza kuisoma hata kanisani. Nikapiga simu nikawekewa muziki. Nimesikiza ule muziki mpaka najua mahali mpiga gitaa hukosea. Nikafungua tikiti ya malalamiko kwao nikabandika ile meseji, nikangoja masaa 19. Masaa 19! Kwa hayo masaa maiti imetoka Nairobi imefika Busia na watu wamekunywa chai. Ndio jibu likaja:

"Mpendwa Mteja, kwa usalama wako tafadhali tuma ombi hili kutoka kwa imeili iliyosajiliwa kwenye akaunti."

Imeili iliyosajiliwa ni ile ya info@ ya websaiti yangu. Hiyo info iko ndani ya hosti yao. Na hosti ndiyo WAMEZIMA. Someni tena pole pole. Mtu amekufungia nje ya nyumba yako, anakuchungulia kwa dirisha, anakwambia atafungua ukimwonyesha kitambulisho chenye kiko chini ya mto wako.

Nikawaeleza hivyo hivyo nikitumia Gmail. Hapo sasa wakajibu haraka, dakika nne: tafadhali tuma kutoka kwa imeili iliyosajiliwa. Nikasema mmeizima. "Tunaelewa usumbufu. Tafadhali tuma kutoka kwa imeili iliyosajiliwa." Leo asubuhi wakafunga tikiti, ati mteja hakujibu. Halafu wakanitumia nyota tano nichague vile wamenihudumia, na hizo nyota zilikuja kwa SMS. Kwa simu yangu. Kumbe namba yangu wanayo!!

Kwa ukurasa wao wameandika sava, ile mashine inayobeba websaiti, iko hewani asilimia 99.9 ya wakati. Nimepiga hesabu na kalkuleta yangu ya viti, hiyo ni kukosekana kama masaa 9 kwa mwaka mzima. Mimi niko masaa 40 sasa, nimekula mgao wa miaka minne na ushee na hata wiki haijaisha.

Kwani mteja wa hosti anataka nini? Mtu. Mtu mmoja tu mwenye masikio, hata akisema "mzee tumekosea" nitampelekea soda. Lakini nithibitishe na imeili waliyoizima? Waliyoizima wao?

OmenaKavu:
Omera pole. Lakini hapo kwa "mmeshikwa" nimecheka ndani ya matatu makanga akaniuliza kama nitashuka.

KiatuChaNakuru:
Uzi mrefu hivi na hujasema kama mzee wa Maseno alipata hema.

HemaNaViti:
Anazikwa kesho. Chini ya hema za mshindani wangu ambaye hana websaiti, ana namba imepakwa rangi kwa mwembe.

OmenaKavu:
Mwembe haujawahi kusimamishwa.

FundiWaSava:
Mwenye uzi nusu ya makosa ni yako, usinikasirikie. Imeili ya akaunti ya hosti haikai ndani ya hosti hiyo hiyo, unaweka Gmail ama yoyote ya nje. Na domeini, yaani jina la websaiti, usinunue kwa duka moja na hosti, siku mkikosana unabeba jina lako unaenda. Angalia pia hiyo domeini iliandikishwa kwa jina la nani, kuna wajanja huandikisha jina lao wenyewe na mteja hajui mpaka siku ya vita. Bakapu, ile nakala ya akiba ya websaiti, uko nayo?

HemaNaViti:
Bakapu si wanaweka wao?

FundiWaSava:
Mungu akuonekanie.

MamaKeki58:
Afadhali wewe. Mimi niliuziwa "bila kikomo", nikapakia picha za keki kama mwaka hivi, siku moja wakaniandikia ati nimefikisha kikomo cha idadi ya mafaili. Kikomo cha bila kikomo! Halafu ile kufuli ndogo ya usalama ya juu karibu na jina la websaiti walinichaji 3,000 kila mwaka, ni kijana wa saiba hapa Section 58 aliniambia kuna shirika linaitwa Let's Encrypt na hao wanaitoa bure kwa dunia nzima. Nilikaa chini. Nilikuwa nimenunua kufuli ya bure mara tatu.

MulembeMtupu:
Tuseme ukweli. 6,500 gawanya kwa miezi 12 ni 541 na senti. Kwa 541 kwa mwezi huku kwetu hupati hata mtoto wa kukuchungia mbuzi, wewe unataka injinia akushike mkono saa tisa usiku.

HemaNaViti:
Sitaki mchunga mbuzi nataka wasinitume kwa imeili iliyokufa!! Mnasoma kweli? Imeili iko NDANI ya kitu walizima!

KiatuChaNakuru:
Tumesoma baba. Mara sita.

BodaKondele:
Nyinyi mnalilia sava, huku kwetu stima imeenda tangu jana usiku na samaki wa mama ameanza kunukia mpaka kwa landilodi. Nikipiga simu naambiwa nitaje namba ya mita. Mita iko kwa ukuta juu, giza, tochi ni hii simu ninayopiga nayo.

MamaKeki58:
Boda hiyo ni uzi wake kabisa. Fungua.

NyarUgunja:
Ngojeni kidogo. HemaNaViti. Hema za mistari ya bluu na nyeupe, lori la kijani halina taa moja? Si ni wewe ulituletea hema Ugunja mwezi wa nne ikiwa na tundu katikati, mvua ikamnyeshea padri misa nzima?

HemaNaViti:
Dada yangu hiyo ilikuwa upepo.

NyarUgunja:
Upepo haukati kitambaa mviringo. Padri alibariki jeneza akiwa amefunikwa karatasi ya mbolea. Nilikupigia mara tisa, ile siku ulishika ukaniambia nikutumie picha ya tundu. Nikiwa nimesimama chini ya tundu, simu imelowa.

KiatuChaNakuru:
"Mpendwa Mfiwa, tafadhali tuma ombi hili kutoka kwa hema iliyosajiliwa."

MamaKeki58:
Nimemwagia kibodi chai. Nani analipa

OmenaKavu:
Omera nilikuwa upande wako lakini sasa sijui.

MulembeMtupu:
Hawa watu wa hema wote ni damu moja. Unalipia viti 200 wanashusha 170, ukihesabu wanakwambia vingine "viko njiani". Wazee wetu walikaa kwa jiwe Mbale wakingoja njiani.

HemaNaViti:
Jameni tulikuwa tunaongea hosti.

BodaKondele:
Stima imerudi!!

BodaKondele:
Imeenda.

HemaNaViti:
FundiWaSava nitumie basi jina la hosti ingine kwa inboksi, yenye mtu anashika simu.

FundiWaSava:
Sawa, nitakutumia kwa imeili yako ya info.

NyarUgunja:
Kabla uhame, nirudishie 2,000 ya kiti mlichosema tumevunja. Kilishuka kwa lori kikiwa na miguu mitatu, nina picha.

MulembeMtupu:
Weka hiyo picha hapa tuone.